Msasa Si Dawa ya Mpini Mkongwe
Hoja kwamba mpini wa mbao uliofifia wa rivolva ya kale upigwe msasa kisha upakwe vanishi huharibu kile inachodai kuokoa. Kwenye Colt Single Action Army ya jeshi la Marekani, iliyopitishwa 1873, mihuri ya wakaguzi iligongwa kwenye mpini wa mjozi. Msasa huifuta, na mbao iliyopunguzwa hailingani tena na fremu ya chuma. Kufifia mara nyingi ni uchafu na ukavu tu. Risasi zikishaondolewa, mpini hufunguliwa, husafishwa kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, kisha hupakwa mafuta ya kitani kwa tabaka nyembamba, kila moja ikisubiriwa ikauke. Vitambaa vilivyotumika hutandazwa nje, kwani vikirundikwa huweza kuwaka vyenyewe.