Karata si Shahidi

Mapenzi yakatikapo, kitu cha kwanza kinachokufa ni habari. Jana mtu alijua mwenzake amekula nini, amelala saa ngapi na amekasirishwa na nani. Leo hajui hata kama yu mzima. Mahali pa habari huingia ukimya, na ukimya ni adui mkali kuliko tusi, kwa kuwa tusi lina maneno yawezayo kujibiwa, ilhali ukimya hauna mlango wa kubisha. Katika saa hiyo ya dhiki watu wengi wa Ulaya na Marekani, na siku hizi hata baadhi ya wakazi wa miji ya Afrika, humwendea mwaguzi wa karata za Taroti. Maswali yao ni machache: Je, ananiwaza? Je, kuna mwingine? Je, atarudi? Mwaguzi huchanganya karata, huzipanga mezani, kisha huanza kusimulia mambo yaliyomo moyoni mwa mtu asiyekuwapo. Desturi hii yastahili kupingwa, si kwa dhihaka wala kwa kebehi, maana machozi ya aulizaye ni ya kweli, bali kwa hoja. Kwani madhara yake huwaangukia watu wawili, na mmoja wao hakupata hata kiti katika kikao hicho.

Hoja ya kwanza ni ya asili ya karata zenyewe. Waaguzi hupenda kusema kwamba Taroti ni hekima ya kale isiyojulikana mwanzo wake. Mwanzo wake wajulikana. Karata za kuchezea zilifika Ulaya ya kusini katika miaka ya 1370 kutoka Misri ya Wamamluki, zikiwa na alama nne: vikombe, sarafu, panga na fimbo za mchezo wa polo. Miongoni mwa karata zile za Misri yalikuwamo majina ya vyeo vya mfalme na naibu wake, na Wataliano wakaziita karata kwa neno hilo hilo la naibu, ambalo Mswahili hulitumia mpaka leo kwa kazi nyingine. Kiasi cha mwaka 1440, katika miji ya Italia ya kaskazini, ziliongezwa karata za picha zenye nguvu ya kuzipiga nyingine zote, ndipo ukapatikana mchezo wa Taroti wenye karata 78, yaani 56 za kawaida na turufu 22. Watu wa makabaila waliucheza kwa burudani, kama watu wa pwani wachezavyo karata barazani baada ya alasiri.

Wala mchezaji wa Lamu au wa Unguja si mgeni wa jambo hili kama anavyodhani. Wareno walipoleta karata pwani, walileta na majina yake, na majina hayo yangali kinywani mwa watu. Kopa ni vikombe, shupaza ni panga, pao ni rungu, na uru ni dhahabu. Hata turufu ni neno la ukoo ule ule. Alama nne za Taroti, basi, hutajwa kila siku na vijana wa pwani wanaotupa karata juu ya mkeka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupata habari za mchumba wake kwa kutazama shupaza tatu. Karata zilizoshika majina hayo zilibaki mchezo, na mchezo si aibu. Aibu huanza pale mchezo unapovalishwa kanzu ya unabii.

Kanzu hiyo ilishonwa Paris. Mwaka 1781 mwanachuoni Antoine Court de Gébelin aliandika kwamba turufu za Taroti ni kitabu kilichofichwa na makuhani wa Misri ya Mafirauni. Aliyaandika hayo miaka 41 kabla ya Champollion kufumbua maandishi ya Misri mwaka 1822. Kwa hiyo alidai kuijua siri ya watu ambao hakuna aliyeweza kusoma hata jina lao moja. Karata zilitoka Misri kweli, lakini Misri ya masultani Waislamu, nazo zilitoka kama mchezo. Zile picha alizozistaajabia zilizaliwa Italia. Muda mfupi baadaye mtu mwingine wa Paris, Jean-Baptiste Alliette, aliyejiita Etteilla kwa kuligeuza jina lake nyuma mbele, alitunga maana za kuagulia kwa kila karata, na mwaka 1789 akatoa karata zake mwenyewe kwa kazi hiyo. Kwa zaidi ya karne tatu, basi, Taroti ilikuwa kwanza ni mchezo, kama mwanafalsafa Michael Dummett wa Oxford alivyobainisha kwa ushahidi mwingi katika kitabu chake cha mwaka 1980. Huenda ikasemwa kwamba jambo likiwa jipya si lazima liwe la uongo. Ni kweli. Walakini mtu anayeanza kwa kusema uongo juu ya kuzaliwa kwake ana wajibu mkubwa wa kuthibitisha yaliyobaki.

Hoja ya pili ni ya hesabu. Karata zitumiwazo zaidi leo zilitolewa London mwaka 1909, kwa maagizo ya Arthur Edward Waite na kwa mkono wa mchoraji Pamela Colman Smith. Kabla ya hapo karata nyingi ndogo zilikuwa na alama tupu. Panga Tatu zilikuwa panga tatu tu. Mchoraji huyu alizipa karata zote picha za watu na mambo, na katika Panga Tatu akachora moyo mwekundu uliochomwa na panga hizo, nyuma yake mawingu na mvua. Ni picha kali, na Waite aliipa maana za kutokuwapo, kukawia na kufarakana. Sasa na afikiriwe mtu aliyeachwa, ameketi mbele ya meza, karata kumi zinafunuliwa, na moyo ule unatokea. Atalia, na atasema karata zimemjua. Lakini katika karata 78, mtu akifunuliwa kumi, kila karata ina nafasi kumi katika 78 za kutokea. Maana yake ni kwamba katika kila watu wanane wanaoketi mezani, takriban mmoja atauona moyo uliochomwa, awe ameachwa jana, awe ameolewa kwa furaha, au awe hajapenda kamwe. Yule mwenye furaha huusahau akifika mlangoni. Aliyeachwa huubeba mpaka kitandani. Karata haikumchagua, yeye ndiye aliyeichagua kwa jeraha lake.

Hoja ya tatu ni ya namna ya kutafsiri. Katika mpango wa karata kumi alioueleza Waite, mahali pa tisa huonyesha matumaini ya mtu au hofu zake. Na lipimwe neno hilo "au". Karata ya Wapendanao ikitua hapo, mwaguzi aweza kusema kwamba aulizaye anatamani kurudiana; na aweza kusema kwamba anaogopa kurudiana. Hakimu akubaliye neno moja kuwa ushahidi wa hatia na wa kutokuwa na hatia hukumu yake haina thamani. Ongeza juu ya hayo kwamba karata ikitoka kichwa chini, waaguzi wengi huipa maana nyingine, na kwamba kila karata ina maana nyingi hata ikiwa wima. Kwa mlango mpana kama huo, hakuna jibu lisiloweza kupita.

Na kwa nini jibu lililopita katika mlango mpana humwingia mtu kama mshale? Mwaka 1948 mwalimu wa elimu ya nafsi nchini Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia, akamwambia kila mmoja kwamba hayo ni yake peke yake, yaliyotokana na mtihani alioufanya. Waliombwa kuyapima kwa alama tangu sifuri mpaka tano, na wastani wa alama zao ulikuwa 4.26. Kumbe wote walipewa maandishi yale yale, na mengi yalichukuliwa katika kitabu cha unajimu kilichouzwa njiani. Siku hizi mwaguzi huketi mbele ya kamera, akazungumza na maelfu ya watu kwa mara moja, akawaambia kwamba yule waliyeachana naye ana jambo anataka kusema lakini kiburi kinamzuia. Kila asikiaye hudhani ameitwa kwa jina. Ni nani aliyeachana na mtu ambaye hakuwahi kuwaza kwamba kiburi kinamzuia mwenzake?

Watetezi wa karata wana jibu moja lenye uzito, na si haki kulificha. Wanasema kwamba karata si nabii bali ni kioo. Kwamba mtu asiyeweza kuueleza uchungu wake huuona katika picha, akapata maneno. Na kwamba mwaguzi mwema ni msikilizaji tu. Haya na yakubaliwe. Mithali hufanya kazi hiyo, na hadithi pia. Wako watu waliofunguliwa ndimi na picha moja baada ya miezi ya kunyamaza. Lakini mwenye kusema kioo na ashike masharti ya kioo. Kioo humwonyesha yule asimamaye mbele yake; hakijapata kumwonyesha mtu aliye mji mwingine. Mara mwaguzi anapoacha kusema "wewe una huzuni" akasema "yeye bado anakupenda," au "yeye yuko na mwingine," ameivunja hoja yake kwa ulimi wake mwenyewe. Hapo hakuna kioo tena. Pana ushahidi juu ya mtu ambaye hakuulizwa, uliotolewa na mtu ambaye hajamwona, kwa ujira wa mtu ambaye yu tayari kuamini.

Hapa ndipo ulipo ubaya mkubwa wa jambo hili. Mtu aliyetengana na mwenzake bado ni mtu. Ana sababu zake, ana aibu zake, ana majuto yake, na ni yeye peke yake mwenye mamlaka ya kuyasema. Karata humvua mamlaka hayo. Humfanya kuwa picha, leo mfalme wa vikombe, kesho mwenye panga, na aulizaye akaanza kuishi na picha hiyo badala ya mtu. Akiambiwa anasalitiwa, atachukia mtu asiye na kosa. Akiambiwa anapendwa, atamfuata mtu aliyekwisha kusema hapana, na neno hapana lililosemwa kwa kinywa litashindwa na ndiyo iliyosemwa na kipande cha karatasi. Mbaya zaidi ni mwanamke aliyekimbia nyumba ya mapigo, akaambiwa kwamba mnara umekwisha kuanguka, sasa jua linachomoza, mume amebadilika, na asubiri. Kosa la mchezaji wa karata humgharimu mzunguko mmoja wa mchezo. Kosa la mwaguzi laweza kumrudisha mtu chini ya fimbo.

Wala watu wa pwani wasijione wamesalimika kwa sababu hawana Taroti. Bao na ramli zimesikilizwa kwa maswali hayo hayo, na wako walioachana kwa neno la mchanga. Hoja iliyo juu ya karata ni juu ya ramli pia, na asiyeikubali huku hana haki ya kuicheka kule. Lakini pwani ina urithi mwingine ambao ni mwema kuliko yote mawili. Mume na mke wakigombana, huchaguliwa mzee upande huu na mzee upande ule. Hukutanishwa, husikilizwa kila mmoja mbele ya mwenzake, na aliyekosa hulipa au huomba radhi. Kazi hiyo ni nzito, ina aibu, na mara nyingine huishia kwa talaka. Hata hivyo, mpatanishi ana sifa moja ambayo karata haina na haitakuwa nayo: akiulizwa yule mwingine asemaje, huinuka, huvaa viatu, akaenda kumwuliza. Na akirudi na jibu la uchungu, jibu hilo ni la mtu mwenyewe, na juu ya msingi wake mtu aweza kuanza kujenga maisha mengine.

Miongoni mwa picha za Pamela Colman Smith imo karata ya Vikombe Vitano. Mtu aliyejifunika joho jeusi ameinamia vikombe vitatu vilivyomwagika, na nyuma yake vimesimama viwili asivyoviona. Ikitazamwa kama mithali, ni mithali njema: huzuni humgeuza mtu uso. Lakini karata haitamgeuza tena. Atageuka mwenyewe, au ataguswa begani na rafiki, jamaa au mzee. Kisha ama ataandika barua na kungoja jibu, ama atatambua kwamba jibu lilikwisha kutolewa siku nyingi, na lililobaki ni kulisikia. Njia zote mbili zaumiza. Lakini maumivu ya kuujua ukweli yana siku ya kupungua, ilhali aulizaye karata huinuka mezani akiwa na swali lile lile alilokuja nalo, na wiki ijayo hana budi kurudi na fedha nyingine.