Fremu Nyeusi Haikupi Akili

Wasee, hii dini ya fremu nyeusi tuliletewa na nani?

Kila siku kuna mtaalamu mpya mtandaoni anatugawia tabia kwa rangi ya miwani. Nyeusi, mtu siriasi. Kahawia, mpole. Ile ya kuona ndani kama chupa ya maji, mtu wa kisasa. Nyekundu, anatafuta kuangaliwa. Mwisho wa somo ni ule ule: ukienda intavyuu, vaa nyeusi. Na watu wanaitikia amina.

Mimi siitikii. Niliacha chuo kabla ya digrii, lakini nikipita Makina na fremu nyeusi nzito naitwa "daktari". Nikivaa ya kijani naulizwa naimba bendi gani. Kichwa ni kile kile, na digrii bado sina. Ndiyo maana ukishuka kutoka Toi utakuta miwani ya vioo vitupu, visivyosaidia macho kitu, na ina wateja. Mtu hanunui kuona. Ananunua kuonekana msomi.

Kama rangi inasema ukweli, nielezeni Kongo. Angalia picha za Patrice Lumumba: miwani yenye ukingo mzito mweusi juu ya macho. Angalia za Mobutu: fremu nyeusi nzito, chini ya kofia ya chui. Septemba 1960 Mobutu alitumia jeshi kumweka Lumumba pembeni. Januari 1961 Lumumba akauawa. Mobutu akaja kutawala tangu 1965 hadi 1997. Nyeusi kwa nyeusi. Fremu ilikuambia nani ni nani?

Halafu kuna wale wa "msimu wako wa rangi", elimu iliyopata umaarufu kwa kitabu cha Mmarekani Carole Jackson, Color Me Beautiful, cha 1980. Unaambiwa wewe ni mtu wa kiangazi au wa baridi, kisha unapewa rangi zako. Manze, Makina misimu ni miwili: matope na vumbi. Mkitaka kunishauri, anzieni kwenye pua. Fremu nyingi zimechongwa kwa pua nyembamba, kwetu zinateleza mpaka karibu na mdomo. Hilo hamfundishi.

Sasa najua jibu la wazee: "Kijana, watu hawana unga na wewe unaongea rangi. Vaa ulichopewa, ushukuru." Hapo ndipo nataka tugombane kabisa.

Dar es Salaam, utafiti uliochapishwa 2008 ulifuatilia wanafunzi wa sekondari waliohitaji miwani. Wengine walipewa bure, wengine wakapewa karatasi ya kwenda kununua. Baada ya miezi mitatu, kwa wale wa karatasi waliokuwa na miwani ya kutumia ni asilimia 26. Kwa wale wa bure, asilimia 47. Yaani bure, na bado hata nusu hawakufika. Mbali zaidi, huko Oaxaca, Mexico, utafiti wa 2006 uliwaangalia watoto 493 waliokuwa wamepewa miwani bure. Waliokutwa wameivaa ni kama asilimia 13. Kati ya sababu walizotoa wale wengine: sura, na kuchekwa.

Kwa hivyo rangi si mapambo ya mwenye pesa. Lenzi iliyolala kwenye droo haimsaidii mtu kusoma ubao. Mtoto anayeitwa "macho manne" darasani ataificha kwa begi, atakaa nyuma, atanakili makosa ya jirani, na kwenye ripoti ataandikwa mzembe. Tunampoteza mtoto kwa sababu mtu mzima aliamua nyeusi ndiyo heshima.

Mwaka jana nilimsindikiza binamu yangu wa miaka kumi kupima macho. Muuzaji alimwekea trei moja: nyeusi, nyeusi, na kahawia iliyokaribia kuwa nyeusi. Akauliza kama kuna ya zambarau. Akajibiwa, "Ya shule ni hizi." Kwani hiyo ni sheria ya wapi? Tukazunguka mpaka duka la tatu. Ya zambarau tuliipata kwa bei ile ile, na sasa haivui hata akicheza kati.

Na tusidanganyane kwamba watoto wa huku hawajali. Msanii Cyrus Kabiru wa hapa hapa Nairobi alitaka miwani akiwa mdogo, babake akamwambia ajitengenezee. Akajitengenezea. Leo miwani yake ya waya na vyuma vya kuokota, C-Stunners, imeonyeshwa mpaka ng'ambo.

Sisi tumeanza kuogopa rangi lini? Kina mama Wanubi wa Makina wakienda harusini na gurbaba zao, barabara nzima inawaka. Matatu zetu zinabeba rangi zote kwa bodi moja. Ni uso wa mtoto tu ndio unaamriwa uvae msiba?

Wenye maduka, na nyinyi mnaoleta kambi za macho za bure: leteni trei yenye rangi, leteni na kioo cha kujiangalia, kisha nyamazeni mtoto achague. Wazazi, lipieni hiyo ya zambarau. Na waajiri, someni karatasi za mtu, muache kusoma fremu yake.