Mstari wa Kata Usiamue Hatima ya Mtoto

Wapo wazazi wa Kharumwa ambao kwao "shule nzuri" maana yake ni shule iliyo mbali na Kharumwa. Nasi watumishi wa umma tumelipokea neno hilo bila kulihoji. Mimi nalipinga.

Kila mwaka matokeo ya darasa la saba yakitoka, vinara huchukuliwa na shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Kilakala. Wenye uwezo wa fedha huenda shule binafsi. Waliobaki, ambao ndio wengi, hupangwa shule za kata. Baada ya miaka minne tunalinganisha matokeo na kutamka kwamba shule hii inafundisha na ile haifundishi. Ni sawa na kuengua siagi kwenye maziwa, kisha kuyalaumu kwa kukosa mafuta. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule bora. Orodha imeondoka magazetini; vichwani mwetu bado ipo.

Sizibezi shule za kata. Zilipojengwa kwa wingi kupitia mpango wa MMES ulioanza 2004, zilimfungulia mlango mtoto wa mkulima ambaye safari yake ingeishia darasa la saba. Kasoro ni kwamba tulifunga elimu kwenye mipaka ya utawala. Kata huchorwa kwa ajili ya diwani na ofisi, si kwa ajili ya mwanafunzi. Mwaka 2012 ulipozaliwa Mkoa wa Geita, Nyang'hwale ilipata hadhi ya wilaya. Mistari ilihama, watoto walibaki katika nyumba zilezile. Kata inapogawanywa, upande mmoja hubaki na shule yenye maabara, na wa pili huanza na michango ya matofali. Mtoto aliye hatua mia moja ng'ambo ya mstari amekosa nini?

Taifa hili liliwahi kuelewa jambo hili. Mwaka 1962 mfumo wa shule zilizotenganisha watoto kwa rangi ulifutwa. Baadaye mabweni yalimkutanisha Msukuma na Mmakonde, Mpare na Muha. Kidato cha tano bado kinafanya kazi hiyo, lakini wengi hawakifikii. Kharumwa, iliyo katika ukanda wa dhahabu unaovuta watu kutoka kila pembe, ingeweza kuwa na darasa lenye mtoto wa mchimbaji, wa mkulima na wa afisa. Wa afisa ndiye anayekosekana. Utengano wa leo si wa rangi wala kabila. Ni wa mfuko.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Halmashauri isigawe kata kabla ya kueleza bayana watoto wa pande zote mbili watasoma wapi. Shule ipimwe kwa hatua aliyopiga mwanafunzi tangu alipoingia, si kwa alama za mwisho peke yake. Na mapato ya halmashauri yatokanayo na dhahabu yaanzie kwenye shule yenye upungufu mkubwa zaidi wa maabara na nyumba za walimu.

Wanafunzi na wanaharakati, mkikaa kwenye mkutano wa hadhara, muulizeni kiongozi anayezisifu shule za kata swali moja tu: wa kwako anasoma wapi? Shule ambayo mwenye mamlaka haithubutu kwa mwanawe haitapata mtetezi siku ya kupanga bajeti.