Kwani Namba B Ina Nini?

Kila aliyepiga simu aliuliza kitu kilekile kwanza: "Namba gani?" Siyo injini ikoje, siyo limewahi kugonga. Namba gani. Nikijibu B, wengi walikata simu, wengine wakataja bei ya bodaboda.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, la baba yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Morogoro. Mzee aliamua kuliuza kwa sababu mkopo wa mdogo wangu aliyechaguliwa chuo haukufika hata nusu ya ada. Kazi ya kutafuta mteja nikapewa mimi, eti ndiye mwenye simu nzuri nyumbani.

Watanzania tumezoea kusoma umri wa gari kwenye ile herufi inayofuata tarakimu: A, B, C, D, na sasa E. Lakini herufi ile inasema tu gari lilisajiliwa lini hapa nchini. Haisemi lilitoka kiwandani lini, wala lilitunzwaje. Chukua Corolla mbili za 1998: moja ikaletwa mapema ikapata B, nyingine ikazunguka Japani miaka kadhaa zaidi, ikafika huku ikapata D. Umri wao ni uleule. Ila mtaani mwenye D anaongeza mamilioni na anasikilizwa. Kwa lipi? Kwa kibao! Sisi wa ualimu tunafundishwa tusimpime mtoto kwa mtihani mmoja, halafu tukienda kununua gari tunalipima kwa herufi moja.

Dalali wa kwanza alilizunguka mara mbili, akaniambia, "Mdogo wangu, hapa tunachezesha kidogo tu." Dashibodi ilisoma kilomita 243,000 na ushee. Alikuwa na fundi wa kuzirudisha hadi 90,000, kisha milango ipigwe rangi. Tukikubali, milioni 6. Tukikataa, milioni 3 na nusu, tena kwa huruma yake.

Nikiri, nilishawishika. Usajili ulikuwa unakaribia kufungwa. Nikampigia mzee. Alikaa kimya kidogo, akauliza, "Na lile daftari tutalificha wapi?"

Daftari ni kaunta buku ambalo ameandika tangu alinunue: kila alipomwaga oili, plagi, mkanda wa taimingi, betri, tarehe na kilomita pembeni, kwa mwandiko wa ubaoni. Hata shokapu ya nyuma kushoto iliyoanza kuvuja imo.

Ndiyo maana nasema gari kuukuu lililotunzwa uliuze mwenyewe. Sisemi madalali wote ni wabaya, wanajua wateja na wanakula jasho lao. Lakini dalali halijui gari lako, kwa hiyo anauza anachokiona: herufi na mng'ao. Wewe ndiye unayejua lilikolala na lilikopita.

Nikafuta lile tangazo la "lipo vizuri, ni kuwasha na kuondoka", maana kila mtu anaandika hivyo. Nikaweka kilomita zake halisi, picha za kurasa za daftari, na ile shokapu. Simu zikapungua sana, aisee. Ila waliopiga walikuwa wanunuzi. Mmoja alikuja na fundi wake, akaingia chini ya gari, akatoka na tabasamu la mtu aliyekamata mwizi: shokapu inavuja. Mzee akamfungulia ukurasa. Wakacheka wote wawili, na kuanzia hapo hakuna aliyebishana kuhusu kilomita. Wakafungana kwenye milioni 5.2.

Utaniambia huyo mnunuzi naye atasumbuka siku akitaka kuuza, kwa sababu ya B ileile. Kweli, atasumbuka. Yaani tunaogopa herufi kwa sababu tunajua mwenzetu ataiogopa, naye anaiogopa kwa sababu yetu. Wengi wetu tutanunua gari la kwanza kwa mishahara yetu ya mwanzo, na litakuwa kuukuu. Tuanze kuuliza mwaka wa kutengenezwa na kumbukumbu za matengenezo.

Kadi mzee hakuitoa mpaka fedha ziliposoma benki. Mkataba ulisainiwa kwa wakili, kisha wakaenda pamoja TRA kubadilisha umiliki, maana faini za barabarani zinasoma kwenye namba ya gari, na jina lililo kwenye kadi ndilo linalotafutwa.

Ada imelipwa. Mzee sasa anapanda daladala, na kila jioni ananipigia kulalamika jinsi makonda wanavyorusha chenji.