Siku Moja Ipe Bahari Mgongo

Kila Desemba ni sinema ile ile. Wasee wanashuka na SGR hadi Mombasa, wanadandia matatu ya Malindi, na kabla hata begi halijafunguliwa posti ya kwanza iko hewani: miguu, mchanga, dafu. Siku ya pili malalamiko yanaanza. "Mbona hii bahari ni ya kahawia? Si heri tungeenda Watamu."

Hata mimi nililalamika hivyo Desemba iliyopita. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu ufuoni akanisikia, akacheka. "Mwanangu, huo udongo ni wenu. Umetoka huko kwenu bara."

Nilidhani ananitania, kumbe ni kweli tupu. Mto Sabaki unaingia baharini kaskazini kidogo tu mwa mji wa Malindi. Ukiufuata kwenda juu unaitwa Galana, ukizidi kupanda unaitwa Athi, na Mto Nairobi, ule tunaoziba pua tukiuvuka, humwaga maji yake humo humo. Mvua ikinyesha Ukambani na huku kwetu, udongo wa mashamba unasombwa mamia ya kilomita hadi baharini. Halafu upepo wa kaskazi ukianza kuvuma, maji hayo mekundu yanasukumwa kusini, hadi pale ulipotandika taulo lako.

Nikajiuliza: kama sijui hata maji ninayoogelea yanatoka wapi, ni nini kingine sijui kuhusu hapa? Kesho yake nikachukua boda, tukavuka daraja la Sabaki, tukaelekea Marafa.

Marafa mnaijua kwa picha. Ni lile korongo la mchanga mgumu, kuta nyeupe, za waridi, za machungwa na nyekundu, lililochongwa na mvua na upepo, na bado linachongwa. Watalii huliita Hell's Kitchen. Wenyeji wanaliita Nyari. Kijana aliyenitembeza alinisimulia hadithi yake: palikuwa na familia tajiri yenye ng'ombe wengi kiasi kwamba walioga maziwa, huku majirani hawana kitu. Mungu akakasirika, ardhi ikawameza. Ule weupe ni maziwa, wekundu ni damu.

Sasa hapa ndipo naona aibu. Kabla hatujashuka korongoni, kijana aliniambia malipo yake ni mia tano. Nikamshusha hadi mia tatu, na nilikuwa nimetoka kulipa mia tatu hiyo hiyo kwa juisi moja tu hotelini. Nikamrekodi nusu saa nzima. Nikifika Nairobi nikakata sauti yake, nikaisimulia hadithi kwa sauti yangu, nikaipa video kichwa cha jehanamu ya Kenya. Ilipata watazamaji kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka. Wiki moja baadaye akanitumia ujumbe: "Ndugu, video nimeiona. Ni nzuri. Lakini mimi simo."

Hakuna tusi limewahi kuniuma kama hilo, na hata halikuwa tusi.

Manze, hivi ndivyo tunavyoitumia Pwani. Tunachukua rangi, tunaacha watu. Pesa zetu zinaishia kwenye mstari mwembamba wa hoteli kando ya maji, na kule ndani, mwendo wa saa moja hivi, tunakusikia tu kukiwa na njaa au msiba. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kulisikia jina la msitu wa Shakahola hadi 2023, miili ilipoanza kufukuliwa kwa mamia. Sehemu ile ile tunayokwenda kustarehe. Tulishtuka wiki mbili, tukarudi kwa dafu.

Najua mtasema: bro, tumejibana mwaka mzima, tumekuja kupumzika, si kusoma jiografia. Haki yenu. Mimi pia napenda kulala mchangani hadi jua lizame. Na najua siku moja yako haitamaliza umaskini wa Magarini. Hiyo ni kazi ya serikali, na tuidai. Lakini mia mbili niliyomnyima yule kijana haikuwa kosa la serikali. Ilikuwa kosa langu.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Ukiwa na siku nne Malindi, moja ipe bahari mgongo. Vuka Sabaki. Nenda Marafa jioni, jua likipungua makali, juu ndipo rangi zinawaka vizuri. Kula kwa mama wa pale kijijini. Mtu anayekutembeza mlipe bei aliyotaja. Kabla ya kurekodi muulize kama anataka kuonekana, na akikubali, muache aongee mwenyewe.

Mimi nimemtumia zile mia mbili na nyingine juu, na ile video nimeishusha. Nitarudi mwezi wa nane kurekodi upya, na safari hii hadithi anasimulia yeye, kwa Kigiriama akitaka. Mimi nitashika simu tu.

Na wewe? Ni wapi umewahi kwenda ukarudi na picha nyingi bila jina la hata mtu mmoja? Niambie hapo chini, usione haya, mimi nimeshaanza.