Ua Haliliwi, Ndiyo. Halafu?

Kila mara kikundi chetu cha vijana hapa Port Bell kikiomba mtaji wa kitalu cha maua, jibu ni lile lile: pandeni mboga, maua hayaliwi. Afisa wa shirika moja, silitaji, alitwambia wazi kwamba mkimbizi anayepanda maua ni mkimbizi asiye na njaa. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Sina ugomvi na mboga. Aliye Nakivale au Kyangwali na amepewa kipande cha ardhi, alime maharage yake. Lakini sisi wa Kampala tunapanga chumba kimoja, mbele yake baraza ya hatua tatu. Gunia la mboga linataka maji kila siku, na maji ya kidumu tunanunua. Mvua ikikolea, lengalenga, zile hapa wanaita dodo, zinajaa kila soko. Utamuuzia nani?

Sasa tazama yuforbia, lile ua la miiba. Asili yake Madagaska. Wataalamu wanaliita Euphorbia milii, kwa jina la Milius, gavana Mfaransa wa kisiwa cha Bourbon, kama vile Port Bell ilivyopewa jina la Hesketh Bell, aliyetawala Uganda kwa niaba ya Waingereza. (Magavana na majina, jamani!) Wakulima wa Thailand wamechanganya aina mpaka wakapata chotara zenye maua makubwa: mekundu, ya manjano, mengine yanaanza meupe yanageuka waridi. Kile kinachong'aa ni vijani viwili vyenye rangi, ua lenyewe ni kale kadogo katikati. Ndiyo maana rangi inakaa wiki nyingi.

Hapa linastawi. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, hakuna baridi ya kuliua. Kinacholimaliza ni maji. Mvua za Machi hadi Mei, na za Septemba hadi Novemba, zinaozesha mizizi. Kwa hiyo udongo mweusi wa bwawani usiuguse. Changanya mchanga wa kujengea, kokoto ndogo na udongo kidogo, toboa kaveera chini, weka ukingoni mwa bati ambapo jua linafika. Kata tawi la urefu wa kidole, osha utomvu, liache kivulini siku tano hivi kidonda kikauke, ndipo upande. Mbegu achana nazo: mtoto wa mbegu hafanani na mama, wa tawi ni mama mwenyewe. Na ule utomvu mweupe unachoma macho, watoto wakae mbali.

Lisipouzika leo, kesho liko palepale, limekua. Dodo ya juzi nani anaitaka?

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kilimo na biashara. Haikusema mboga tu. Na tukiacha pesa, waliotoka Bukavu wanakumbuka nyua zenye maua mlangoni. Hakuna aliyewauliza mama zetu kama yanaliwa. Kwani mtu akivuka mpaka, macho yake yanabaki forodhani?

Nyinyi wa mashirika, ofisi zenu zina maua getini. Kuna mtu aliwauzia. Mwaka huu njooni mnunue kwetu.