OutRun: walichokata na walichobakisha

Kila mjadala wa gemu za zamani ukifika kwa OutRun, hatakosekana mtu wa kutetea zile za kompyuta za nyumbani: mashine zilikuwa dhaifu jamani, wangefanyaje? Hoja hiyo naikubali nusu tu.

Sega walitoa OutRun mwaka 1986, kazi ya Yu Suzuki na timu yake. Ndani ya ile mashine kubwa ya kuchezea mlikuwa na prosesa mbili za Motorola 68000, Z80 kwa ajili ya sauti, na chipu maalumu za kukuza picha. Chipu hizo ndizo siri yenyewe. Mnazi ulioko mbali ni kidoti, mara umejaa skrini, mara umepita. Hakuna 3D pale. Ni picha bapa zinazokuzwa haraka ajabu.

Sasa chukua ZX Spectrum: Z80 moja ya megahezi 3.5, kumbukumbu kilobaiti 48. Mwaka 1987 U.S. Gold wakaiuza OutRun kwa kompyuta hiyo na wenzake. Gari linatambaa, kisha unasubiri kaseti ipakie hatua inayofuata. Na muziki wa Hiroshi Kawaguchi? Waliweka kaseti ya pili kwenye boksi, ukaipige kwenye redio yako! (Huo ujanja mimi naupenda.)

Kinachoniuma zaidi ni Commodore 64. Kwenye mashine ya Sega, mwisho wa kila hatua kuna njia panda: unakata usukani kushoto au kulia ukiwa kwenye kasi, hadi ufikie mmoja kati ya miisho mitano. Kwenye Commodore 64 njia panda zikaondolewa. Unachagua njia moja kati ya tano kabla hujaondoka, basi. Wakabakisha minazi na Ferrari, vitu ambavyo mashine haikuviweza, wakatupa kitu kinachoifanya OutRun iwe OutRun. Mimi ningeanza kwa kukata minazi.

Mtu ataniambia tatizo ni chipu. Haya, tuangalie Amiga, yenye 68000 ya megahezi 7 hivi. OutRun yake inakwenda kwa kushtukashtuka. Mwaka 1990 Magnetic Fields wakatengeneza Lotus Esprit Turbo Challenge kwa kompyuta hiyohiyo, na inateleza kama maji. Hata ukicheza peke yako, mbio zinachukua nusu ya skrini tu! Nusu nzima ya picha haipo, na hakuna anayelalamika, kwa sababu kasi ipo.

Sisi tunaoandika programu tunalijua jambo hili. Mteja anataka kila kitu cha kwenye kompyuta kiingie kwenye simu ya bei rahisi, "iwe vilevile". Mwenye simu ndiye anayeumia, kama yule mtoto aliyenunua kaseti ile kwa akiba yake.

Kwa anayetaka kuonja OutRun halisi leo, Chris White aliichambua programu ya mashine ya Sega na kuiandika upya kwa C++. Inaitwa Cannonball, inakwenda kwenye kompyuta ya kawaida, na inaweza kuonyesha fremu 60 kwa sekunde, ingawa faili za ROM za gemu utazileta mwenyewe. Ukifika njia panda ya kwanza, uje uniambie kama ungekubali kuikata.